Mtihani wa Fundi Nao Wapasa Kupimwa

Mwezi huu twapenda kuandika juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la wakubwa wa vyuo peke yao, nalo ni mitihani ya vijana wajifunzao kazi za mikono, yaani useremala, uashi, umeme, ushonaji, uchomeleaji wa vyuma na nyinginezo. Mtihani wenyewe kila mtu aujua. Kijana hupimwa, huandikiwa alama, hupewa cheti, akarudi kwao na wazazi wakafurahi. Lakini ni wachache waulizao kama ule mtihani nao umepimwa na mtu. Mizani ya muuza sukari hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa, kwa kuwa twajua ya kwamba mizani mbovu hutupunja siku zote wala sisi hatutambui. Cheti cha fundi nacho ni mizani. Mtu asiyemjua kijana hukitazama, akaamini, akampa ufunguo wa nyumba yake.

Tena jambo hili halifanani na mitihani ya shule zetu. Mtoto aliyepewa alama asizostahili katika jiografia hatamwua mtu kwa kutojua mto Rufiji waingia bahari gani. Lakini fundi wa umeme aliyepewa cheti bila ya kuijua kazi huingia nyumbani mwa watu, akafunika kosa lake kwa lipu na rangi, akalipwa, akaenda zake, na kosa likabaki ukutani.

Kuwafundisha vijana ufundi si jambo la jana kwetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoweka misheni yao Bagamoyo mwaka wa 1868, karakana ilikuwa pamoja na kanisa. Wabenedikto nao walipofika Peramiho mwaka wa 1898 walikuja na mabruda wenye randa na nyundo. Hao walilelewa katika desturi ya Ujerumani, ya kwamba mwanafunzi wa ufundi hahesabiwi kuwa amemaliza mpaka atengeneze kwa mikono yake kitu kimoja kizima, akiweke mbele ya mafundi waliomtangulia wakitazame nje na ndani. Hata leo sheria yao ya mafunzo ya ufundi, iliyotungwa mwaka wa 1969, yaagiza kwamba baraza la watahini liwe na watu wasiopungua 3: wamo watu wa upande wa waajiri, wamo wa upande wa wafanyakazi kwa idadi iliyo sawa, na mwalimu mmoja wa shule ya ufundi hana budi kuwamo. Sisi twaipenda hekima hiyo. Mwalimu akiachwa peke yake huhukumu kazi yake mwenyewe aliyoifundisha, na mwajiri akiachwa peke yake humtaka mtu wa kumfaa yeye kesho asubuhi, si mtu wa kuijua kazi maisha yake yote.

Hapa Tanzania mafundi kwa miaka mingi walipimwa kwa majaribio ya daraja, la 3 likiwa la chini na la 1 likiwa la juu, na wazee wengi mitaani bado hujitaja kwa madaraja hayo. Sheria ya mwaka wa 1994 ikaunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo watu wote huiita VETA. Mwaka wa 2021 Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi likaongezewa kazi na jina, likawa la elimu ya ufundi pamoja na mafunzo ya ufundi stadi. Na mafunzo yenyewe siku hizi husemwa kuwa ya umahiri, maana yake kijana asihesabiwe kwa miaka aliyokaa darasani, bali kwa kazi awezayo kuifanya. Neno hilo ni zuri kabisa. Shida ni kwamba neno likiwa zuri kwenye jalada la kitabu, karatasi ya mtihani yaweza kubaki ile ile ya zamani ndani yake.

Sisi tuliyaona haya kwa karibu kwa sababu chuo kimoja, ambacho si lazima kukitaja, kilimtafuta mwalimu wa shule akae pamoja na mafundi wawili wazee, mmoja wa mbao na mmoja wa umeme, ili wayatazame upya majaribio ya ndani ya chuo, yale ambayo walimu wa chuo huyatunga na kuyasahihisha wenyewe kabla ya mtihani wa taifa. Tulichaguliwa si kwa kuujua ufundi, maana hata msumari tukiupigilia hupinda, bali kwa kuwa tumezoea kusoma maswali na kuuliza kila swali lataka nini. Wazee wale wawili ndio waliokuwa na macho.

Tulianza na karatasi za kuandika za useremala. Jambo tulilolifanya ni dogo, na mwalimu ye yote aweza kulifanya jioni moja. Tulichora mstari katikati ya ukurasa, upande wa kushoto tukaandika kazi zote ambazo mtaala wasema seremala wa mwaka wa kwanza aziweze, na upande wa kulia tukaandika namba ya swali linalopima kila kazi. Tulipomaliza, nafasi nyingi za kulia zilikuwa tupu. Kunoa patasi hakukuulizwa mahali po pote, wala kwa maandishi wala kwa vitendo, katika karatasi za miaka mitatu. Kuchagua mbao iliyokauka hakukuulizwa. Lakini swali la kutaja aina tano za randa lilikuja kila mwaka, na mwaka mmoja lilikuja mara mbili. Mzee wa mbao alicheka, akasema, "Mwalimu, mimi randa nilizonazo ni mbili. Mitihani hii ningeanguka."

Mzee huyo hana cheti cho chote. Alifundishwa na mjomba wake, na milango ya kanisa letu ni kazi yake. VETA imeweka njia ya kuwapima watu kama yeye waliojifunza kazini, wakapewa cheti bila ya kurudi darasani miaka miwili, na vijana wengi wa gereji na wa viwanja vya ujenzi wamefaidika nayo. Tulimshauri aende. Akatujibu kwamba haendi kupimwa na mtu aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika msumeno. Hatukumshinda katika hilo.

Jambo la pili lilikuwa lugha. Baadhi ya karatasi zilitungwa kwa Kiingereza, ingawa mafunzo ya karakana yalitolewa kwa Kiswahili tangu asubuhi hata jioni. Palikuwa na binti mmoja wa uashi ambaye ukuta wake tuliutazama kwa timazi na kwa pimamaji, tukauona umesimama wima, na mistari ya tofali imelala sawasawa, na viungo vya tofali havikufuatana juu kwa juu. Huyo aliandikiwa kwamba hajafaulu. Katika karatasi ya kuandika hakujibu maswali manne kati ya kumi, maana hakuyaelewa. Mzee wa mbao akamwuliza maswali yale yale kwa kinywa, kwa Kiswahili, akayajibu matatu bila ya kusita, na la nne akakosa.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka habari za Waamuzi sura ya 12. Wagileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani, wakamtaka kila mtu avukaye atamke neno Shibolethi, na aliyesema Sibolethi alichinjwa. Wakafa watu 42,000. Mtihani ule ulikuwa sahihi kwa jambo walilolitaka Wagileadi, yaani kujua nani ni Mwefraimu kwa ulimi wake. Lakini mtu akitaka kujua kama binti aweza kujenga ukuta, kisha akampima ulimi, amepima kitu kingine. Hatusemi Kiingereza hakina kazi. Fundi atasoma maandishi ya kwenye mfuko wa saruji na kwenye mashine. Basi na apimwe kusoma maandishi hayo, na alama zake ziandikwe mahali pake, zisiuangushe ukuta uliosimama.

Katika vigoda ndipo tulipoona tofauti za watahini. Wanafunzi wa mbao walitengeneza kila mmoja kigoda cha miguu minne, na vilikuwa bado ghalani. Tukachagua sita, tukavitia namba bila ya majina, tukawaomba walimu wawili wavisahihishe tena, kila mmoja peke yake, asimwone mwenzake. Kigoda kimoja kilipata 78 kwa mmoja na 51 kwa mwingine. Wala hakuna kati yao aliyekuwa mvivu au mwenye upendeleo. Twawajua, ni watu wa haki. Kosa lilikuwa katika karatasi ya kusahihishia. Iliandikwa, "Umaliziaji mzuri, alama 15." Uzuri ni nini? Mmoja alitazama ulaini wa mbao, mwingine alitazama miguu. Tukakaa na mzee wa mbao siku nzima, tukaliondoa neno mzuri mahali pote lilipokuwapo. Badala yake tukaandika mambo ambayo macho mawili hayawezi kubishana juu yake: miguu yote minne iguse ubao ulionyooka bila ya kigoda kutikisika, wembe usipenye katika kiungo, urefu usipungue wala kuzidi milimita 2 kwa ule ulioagizwa. Baada ya hapo walimu wale wale walipishana kwa alama chache tu.

Hata hivyo hatukupata raha kamili. Karatasi ya namna hii nayo ina hatari yake, maana kijana akijua kwamba ni wembe na milimita 2, atajifunza wembe na milimita 2, na kigoda kikatoka sahihi na kibaya. Mzee wa mbao aliomba ziachwe alama 10 za jicho la fundi, naye mtahini aandike kwa maneno sababu ya kuzitoa au kuzinyima. Tulikubali. Labda wako watakaoona si sawa.

Kulikuwa na neno jingine ambalo lisingeonekana kwenye karatasi yo yote. Nusu ya wanafunzi walipewa mbao zilizokauka na nusu mbao mbichi, kwa kuwa gari la mbao lilichelewa. Siku ya mtihani vigoda vyote vilisimama imara. Sisi tulivitazama baada ya miezi miwili, na vile vya mbao mbichi vilikuwa vimelegea kwenye viungo. Mwanafunzi hakuchagua mbao yake. Tangu hapo tumeomba iandikwe katika kila mtihani kila mwanafunzi alipewa nini, zana zipi na mbao ya namna gani, maana haki huanza ghalani kabla haijafika kwenye alama.

Sasa twafika kwenye umeme.

Mtihani wa umeme ulikuwa hivi. Kila kijana alipewa ubao mkubwa, akafunga juu yake waya, swichi, taa moja na soketi moja, kama mtu awekaye umeme katika chumba kidogo. Karatasi ya kusahihishia ilisema: taa iwake na kuzimika kwa swichi, alama 40, waya zinyooke na kufungwa vizuri, alama 30, na zilizosalia zilikuwa za usafi, za kutumia zana na za kumaliza kwa saa. Mbao kumi na nne zilikuwa zimehifadhiwa ukutani, zote zimefaulu. Mwalimu wa chuo akawasha ya kwanza, taa ikawaka, akazima, ikazimika. Ilipendeza.

Mzee wa umeme, aliyefanya kazi kiwandani zaidi ya miaka thelathini, alisimama mbele ya ubao wa tatu akatuita. "Mwalimu, taa imezimika?"

"Imezimika, mzee."

"Basi fungua globu, utie kidole hapo inapokaa."

Hatukutia. Akatwaa bisibisi ya kupimia umeme, akaigusisha mahali pale, na kitaa chake kidogo kikawaka. Taa ilikuwa imezimika, lakini umeme ulikuwa pale pale ukingoja.

Kwa wale wasiojua, na sisi tulikuwa miongoni mwao siku ile, maelezo yake ni haya. Umeme wa nyumba zetu, ambao ni wa volti 230, huja kwa waya wa moto na kurudi kwa waya mwingine. Swichi ikikata waya wa moto, umeme hauifikii taa kabisa. Swichi ikikata waya wa kurudi, njia imekatika vile vile na taa huzimika vile vile, lakini moto umekwisha kufika kwenye taa na kusimama hapo. Mama anayepanda kitini kubadili globu, naye amezima swichi kama alivyofundishwa, hupigwa. Macho hayawezi kuzitofautisha taa hizi mbili kwa kuwaka na kuzimika. Kwa hiyo mtihani uliotazama kuwaka na kuzimika haukuwa na nguvu ya kumtenga fundi na mwenye kubahatisha.

Mzee akapima mbao zote kumi na nne, kisha akafungua vifuniko. Mbao tano zilikuwa na swichi kwenye waya wa kurudi. Katika nyingine nne swichi ilikuwa mahali pake, ila ule waya wa ardhini, ambao kazi yake ni kuupeleka umeme uliopotea njia chini ya udongo na kuifanya fyuzi ikate, ulikuwa umekunjwa nyuma ya soketi bila ya kushikizwa. Mbao tano tu zilikuwa salama. Ikumbukwe kwamba wote walikuwa wamekwisha kuandikiwa alama, na majina yao yamebandikwa mlangoni.

Hapo palikuwa na baraza refu. Mkuu wa chuo, ambaye ni mtu mwema, alisema matokeo yaachwe kama yalivyo na mtihani urekebishwe mwaka ujao, maana wazazi wamekwisha kuambiwa, na neno lililotoka haliwezi kumezwa. Mzee wa umeme alisema yeye hatakaa tena katika baraza hilo kama vijana wale tisa watatoka na karatasi. Sisi tuliona hivi, na bado twaona hivi. Makosa ya mtihani hayana dawa moja. Alama za vigoda ziachwe, ingawa si sahihi, kwa kuwa kigoda kinachotikisika humwangusha mtu chini kwa futi moja na nusu akacheka. Binti wa uashi apewe haki yake mara moja, maana alinyimwa kilicho chake. Lakini alama za umeme zizuiwe. Baada ya kusikiliza, mkuu alikubali, na majina tisa yaliondolewa mlangoni.

Mmoja wa wale tisa ni kijana wa kwetu. Siku ya tatu mama yake alifika nyumbani kwetu jioni. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika marahaba, akakaa, akakataa chai.

"Mwalimu," alisema, "niliuza mbuzi wanne na pembe la ndoa ya dada yake likasogezwa. Kijana amefaulu, nimeziona alama 71 kwa macho yangu haya. Leo naambiwa hazipo. Nimesikia ni wewe."

Tulimwambia kwamba hatukuwa peke yetu, lakini ni kweli tulikuwamo. Tukamweleza habari ya waya mbili, kama tulivyoieleza hapa. Alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza, "Aliyekosa ni mwanangu au ni karatasi ya walimu?"

"Karatasi ilikosa kwanza, mama."

"Basi kwa nini alipaye ni mwanangu?"

Swali hilo hatukulijibu usiku ule, maana lilikuwa na haki ndani yake. Mwanafunzi hufuata aliyofundishwa na hujifunza yale anayojua yatapimwa. Kama chuo kilimpa alama 40 kwa taa kuwaka, chuo chenyewe kilimwambia kwamba taa kuwaka yatosha. Kesho yake tulilipeleka swali la mama yule mbele ya baraza kama lilivyo. Likaamuliwa kwamba vijana tisa wafundishwe tena wiki mbili, wala wasitozwe ada. Waya na vifaa vya mtihani wa pili vitolewe na chuo. Na ye yote atakayefaulu cheti chake kisiandikwe alama yo yote ya kumwonyesha kuwa alirudia. Hili la mwisho ndilo lililobishaniwa zaidi, na ndilo tunalolifurahia zaidi.

Karatasi mpya ya umeme ni fupi kuliko ya zamani. Kabla ya kuwasha taa, mtahini apima kwa chombo kama waya hazigusani na kama kinga zake ni nzima. Kisha atazama swichi imekata waya upi, na waya wa ardhini umeshikizwa wapi. Mambo haya matatu hayana alama: mwenye kukosa moja hajafaulu, hata kama waya zake zimenyooka kama mistari ya daftari. Zikiwa salama, ndipo alama za unadhifu na za muda huanza kuhesabiwa. Kwa maoni yetu kila kazi yenye hatari yapasa iwe na mambo yake machache ya namna hii, ambayo uzuri mwingine hauwezi kuyalipia. Breki za gari hazifidiwi kwa rangi yake.

Tumesoma ya kwamba huko Australia kanuni zilizotolewa mwaka wa 2015 ziliamuru vyuo vya ufundi vitazame upya mitihani ya kila kozi angalau mara moja katika miaka 5, na nusu ya kozi zitazamwe ndani ya miaka 3 ya kwanza, na kazi hiyo isiamuliwe na mwalimu aliyefundisha na kusahihisha peke yake. Kanuni hizo zimebadilishwa na nyingine zilizoanza kutumika Julai 2025. Jambo tulilolipenda huko ni maswali manne waulizayo juu ya kila ushahidi wa mwanafunzi: Je, wahusu kazi yenyewe? Je, watosha? Je, ni wa mwanafunzi mwenyewe? Je, ni wa siku hizi, au ni ujuzi aliokuwa nao zamani?

Tulipoyatumia maswali hayo juu ya vitabu vya kumbukumbu za kazi, ambavyo wanafunzi hutiwa sahihi kila wamalizapo zoezi, tulipata mengine. Kitabu kimoja kilikuwa na sahihi 22 za tarehe mbalimbali za miezi minne, zote kwa kalamu moja na mkono ule ule usiochoka. Hatukumshitaki mtu. Tuliomba tu kwamba mwanafunzi aulizwe juu ya mazoezi mawili, yachaguliwe bila ya yeye kujua mapema, na ayafanye tena mbele yetu. Mwenye kuifanya kazi haoni shida kuirudia.

Wengine watasema, walimu hawana nafasi ya kutazama kila karatasi mara mbili. Ni kweli, nasi hatukutazama zote. Baada ya mtihani twatwaa kazi chache za alama za juu, chache za chini, na zile zote zilizo mpakani, ambapo alama moja humpitisha mtu au kumwacha. Hapo mpakani ndipo makosa mengi hukaa. Kabla ya mtihani twasoma maswali pamoja na fundi asiyefundisha chuoni, naye huyafanya mwenyewe kwa saa ile ile wanayopewa wanafunzi. Mwaka jana mzee wa mbao alishindwa kumaliza kwa saa nne kazi iliyoagizwa imalizwe kwa saa tatu, akasema kwa hasira kwamba aliyeitunga hajawahi kuifanya. Ikapunguzwa.

Katika wale tisa, sita walifaulu mtihani wa pili. Kijana wa kwetu hakuwamo. Swichi aliiweka sawa, bali waya wa ardhini aliufunga pasipo kuukaza, ukachomoka ulipovutwa. Alifaulu mara ya tatu, mwezi wa Novemba, na sasa yuko kwa mkandarasi mmoja mjini. Mama yake hutuitikia vizuri njiani. Barazani kwetu hajakaa tena, wala hatujamwomba, maana twajua dada wa kijana aliolewa mwaka mmoja baadaye kuliko ilivyopangwa.

Wazazi wenye vijana vyuoni, na wazee wa kanisa waliomo katika bodi za vyuo, wana ruhusa ya kuuliza. Waombe kuonyeshwa karatasi ya kusahihishia, si alama tu. Waulize ni nani, asiye mwalimu wa chuo, aliyeitazama kabla ya mtihani. Waulize ni jambo gani ambalo mwanafunzi akilikosa hawezi kufaulu kabisa. Mkuu mwema hatachukizwa.

Mwezi ujao twatazama ushonaji. Tumeletewa orodha ya alama, tukairudisha, tukaomba mashati yenyewe, pamoja na ndoo ya maji na sabuni tuyafue kwanza.